Bizari Imeganda Tena

Mwaka ule wa El Nino, Machakos nzima ilikuwa majimaji. Chumvi iliyeyukia koponi, viberiti viligoma kuwaka, na nguo zilizoanikwa Jumatatu zilianuliwa Alhamisi na unyevu wake uleule. Kwa hiyo Mutinda, mpishi wa hoteli ya Mama Kibe nyuma ya stendi, alipokuta bizari yake imeganda chupani kama udongo wa kichuguu, hakushangaa. Aliilaumu mvua. Kila mtu aliilaumu mvua mwaka ule, kwa kila kitu, hata kwa mafua na mimba.

Alichukua chupa yake, akavuka barabara, akaingia sokoni Marikiti kutafuta bizari nyingine. Na hapo ndipo maradhi yake mwenyewe yalipoanza.

Kibanda cha tatu ukiingia kwa lango la juu, alikuwako binti mmoja wa Masii jina lake Nzembi. Aliuza viungo: bizari, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Mutinda alimpa chupa na kumweleza shida. Nzembi hakucheka wala hakusikitika. Aliiweka ile chupa sikioni, akaitikisa polepole, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, kisha akaishusha na kusema kwa sauti ya msibani:

"Pole sana, mpishi. Huyu ametutoka."

Mutinda alisimama mdomo wazi. Nzembi aliipindua chupa, akaipiga makofi mawili kwenye kitako, pa, pa! Donge zima la bizari likaanguka. Alilitia ndani ya debe dogo lililokuwa chini ya meza, akaipangusa chupa kwa kitambaa, akaijaza bizari mpya. Halafu, bila kuombwa, akaongeza nyongeza. Na si ile nyongeza ya kawaida ya soko, kichopo cha vidole viwili ili mteja asinung'unike. Alifunga kikaratasi kizima.

"Na hii ya nini?" Mutinda aliuliza.

"Ya pole," Nzembi akasema, na hapo ndipo alipotabasamu.

Mutinda alirudi hotelini akicheka peke yake barabarani. Mwenye mkokoteni alimpigia kelele atoke njiani, naye akampungia mkono kama rafiki. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye kifua kipana na mikono iliyozoea kuinua masufuria ya lita hamsini, alikuwa amepigwa na kwikwi ya furaha kama mtoto. Kabla ya kufika mlangoni alikuwa ameshaamua. Huyu msichana atamwoa. Basi, imekwisha.

Ilikuwa haijakwisha hata kidogo, kwa sababu kuamua ni kazi ya moyo na kusema ni kazi ya ulimi, na ulimi wa Mutinda ulikuwa na kasoro. Jikoni ulifoka, uliimba, ulitukana moto usipowaka. Mbele ya Nzembi ulikufa ganzi. Wiki iliyofuata bizari iliganda tena, akaenda tena, akajiandaa njia nzima kusema maneno matatu mazuri, na alipofika alisema, "Imeganda." Wiki ya baadaye ikaganda pilipili manga. Akaenda, akasema, "Na hii pia."

"Mpishi, kwako kuna vifo vingi," Nzembi alimwambia. "Hebu nikusaidie kuita pasta."

Mvua ikaisha. Januari ikapita, Februari ikapita, vumbi likarudi Machakos kama mwenye nyumba aliyetoka safari. Chumvi za watu zikakauka, viberiti vikawaka. Lakini chupa za Mutinda ziliendelea kuganda kila wiki bila kukosa.

Sababu ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho. Chupa zenyewe zilikuwa za kahawa, vifuniko vimetobolewa kwa msumari ili kiungo kinyunyizike. Zilipangwa kwenye ubao uliopigiliwa ukutani juu ya jiko, pale pale mvuke ulipopanda kutwa nzima. Na wakati wa kuunga, Mutinda aliinamisha chupa juu ya sufuria ya nyama ya karanga inayotokota, akaitikisa kwa madaha huku mvuke ukiingia kwa vile vitundu, na bizari ikaunywa mpaka ikashiba. Ikishaganda, aliichokoa kwa spoku ya baiskeli. Spoku ikishindwa, aliigonga ukutani. Ukuta ukishinda, alivua aproni na kwenda sokoni akipiga mluzi.

Macho alikuwa nayo, msimwonee. Ila nani anatafuta dawa ya ugonjwa mtamu?

Aliyemgundua ni Musembi, mtengeneza chapati, ambaye alikaa mlangoni na karai lake na kuona kila anayetoka na kuingia. Musembi alikuwa na wake wawili na ushauri wa bure.

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," alimwambia siku moja akisukuma chapati. "Wewe unakohoa tangu Novemba. Mwambie msichana!"

"Nitamwambia wiki ijayo."

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu."

"Nimesema wiki ijayo, Musembi!"

Wiki ijayo ikaja na mdalasini ulioganda. Mutinda akaenda, akaona haya, akanunua, akapewa nyongeza yake nzito, akarudi.

Sasa ikafika Ijumaa moja ya mwezi wa tano. Hoteli ilikuwa imejaa pomoni, maana kulikuwa na mashindano ya kwaya mjini na kwaya moja nzima ilikuwa imeingia kula, kina mama na kina baba, wamevaa kanzu zao za buluu. Mutinda alikuwa anamalizia mchuzi. Akashika chupa ya pilipili manga, akaiinamisha, kimya. Akaitikisa, kimya. Akaipiga kitako, kimya. Basi akapandwa na hasira, akaigonga kwenye ukingo wa sufuria kwa nguvu zote za mkono wake. Kifuniko kiliruka hadi dirishani. Donge likaingia kwenye mchuzi, lile vumbi lililokuwa limefungiwa nyuma ya donge likapanda hewani kama moshi, na upepo wa mlango wa nyuma ukalisukuma lote ukumbini.

Wa kwanza kupiga chafya alikuwa mama mmoja wa sauti ya kwanza. Akafuatwa na jirani yake. Sauti ya pili wakapokea, wakaja wa tatu, na mwishoni wale wazee wa besi waliokaa karibu na ukuta wakashusha chafya nzito zilizotikisa vikombe. Nawaambia, walipiga chafya kwa sauti nne, kwa zamu, bila kukosea. Mwalimu wa kwaya, machozi yakimtiririka, alikuwa ameinua mkono ama kuomba maji ama kuongoza, hakuna aliyejua. Musembi aliangukia unga wake akicheka.

"Ngai!" Mama Kibe aliingia jikoni kanga begani. Jina lake ni Waithira, mwenyeji wa Murang'a aliyekaa Machakos miaka ishirini, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. "Mutinda! Unaniulia wateja? Na wanaimba saa nane!"

"Ni chupa, Mama. Iliganda."

"Iliganda! Kila siku iliganda! Kila wiki nakupa pesa ya bizari kana kwamba tunafungua duka. Nani anakuuzia hivi vitu vyenye maji? Ni yule msichana wa Marikiti? Leo naenda mimi mwenyewe. Naenda na chupa yako. Nikimaliza na yeye, utakuwa unanunua kwa Mhindi!"

"Mama, usiende!" Mutinda akapiga kelele iliyomshtua hata yeye mwenyewe. "Ni… ni jua kali."

Mama Kibe alimtazama kama anayetazama mgonjwa, akatia chupa kwenye kiondo, akaondoka.

Saa nzima Mutinda alikatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Aliona mambo mawili tu: Nzembi akitukanwa mbele ya soko zima kwa ajili yake, na yeye mwenyewe akitumwa kwa Mhindi mpaka kufa kwake. Roho ilikuwa juu juu.

Mama Kibe alirudi amepoa kabisa. Mkononi alikuwa na nzele, ile nusu ya kibuyu ambayo kila nyumba ya Ukambani inayo, ya kunywea uji.

"Njoo hapa uone," alisema. "Huu ubao unatoka juu ya jiko leo, unahamia ukuta ule wa mlango. Chupa inakaa mbali na mvuke. Hivi vifuniko vyako vya msumari tupa, tafuta vizima. Ndani ya kila chupa tia punje kidogo za mchele uliokaangwa kavu, zitakunywa unyevu. Na ukitaka kuunga, usilete chupa kwa sufuria. Simama pale, mimina kwa nzele kile unataka, funga chupa, ndio uje utie na mkono. Umeona? Dakika tano nimefundishwa, nimeelewa."

"Nani amekufundisha?" Mutinda aliuliza, ingawa alishajua.

"Nani tena, si huyo msichana wako! Ni mtu wa heshima sana. Nilikwenda na vita, nikapewa kiti. Ananiambia, 'Mama, hiyo kitu mimi huambia kila mteja siku ya kwanza akinunua.' Kila mteja, Mutinda! Wewe miezi saba ulikuwa unasikiliza nini?"

Mutinda aliichukua nzele akaenda nayo nyuma ya jikoni, akakaa juu ya gunia la makaa. Kila mteja, siku ya kwanza. Miezi saba alimletea chupa, miezi saba Nzembi aliweka sikio, akatikisa, akafanya mzaha wa matanga, na siri ya dakika tano hakumpa.

Musembi alimfuata, mikono unga mtupu. "Umekamuliwa, ndugu yangu," alisema kwa huruma mbaya. "Kama ng'ombe wa maziwa. Na ulikuwa unapeleka kiwele mwenyewe."

Iliuma. Usione mtu anabeba sufuria la lita hamsini ukadhani haumii.

Basi chupa zikapona. Ubao ulihama, mchele ukakaangwa, vifuniko vizima vikapatikana, nzele ikawa mkono wa pili wa Mutinda. Bizari ilimiminika kama mchanga mkavu. Wateja wakasifu mchuzi. Mama Kibe akasifu mfuko wake. Wiki moja ikapita, ya pili ikapita, na hakuna kilichoganda isipokuwa Mutinda. Alichukia kila chupa iliyofunguka vizuri. Asubuhi alikuwa na hasira na Nzembi, mchana alikuwa na hamu naye, jioni vyote viwili, na njia ya kwenda sokoni ilikuwa imefungwa kwa kukosa sababu.

Jumanne ya wiki ya tatu, muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, ulikuwa unachemka na jikoni hapakuwa na mtu. Mutinda aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaenda kwenye ubao, akachukua chupa ya bizari, nzima, kavu, haina hatia. Akavua kifuniko. Akaishika juu ya sufuria, katikati kabisa ya mvuke, akaanza kuizungusha polepole.

"Mutinda."

Alikuwa Mama Kibe, mlangoni, na kikapu cha sukuma wiki.

"Naam, Mama."

"Unafanya nini?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini?"

Mutinda alitafuta jibu darini, sakafuni, na ndani ya muthokoi, akalikosa kote. Mama Kibe aliweka kikapu chini. Alikuja akachukua chupa mkononi mwake, akachungulia ndani, akamchungulia yeye, na uso wake ukaanza kufanya kazi kubwa ya kuzuia kicheko. Ilimshinda. Alicheka akishika meza, akacheka mpaka kilemba kikashuka usoni, na Musembi kule mlangoni akaanza kucheka kabla ya kujua kwa nini.

"Ngai wangu," alisema alipopata pumzi. "Mzee mzima! Niambie ukweli sasa. Unataka bizari ama unataka mwenye bizari?"

"Mwenye," Mutinda alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Sasa kwa nini unaulia bizari yangu? Vua aproni. Nenda sokoni sasa hivi. Na unisikize: unaenda mikono mitupu. Ukirudi hapa umenunua kitu, hata karafuu moja, jikoni kwangu huingii tena!"

Hebu fikiria mtu ambaye kwa miezi saba amekwenda mahali akiwa ameshika chupa, halafu anaambiwa aende bila chupa. Mutinda hakujua aweke wapi mikono. Alivuka barabara ameikunja, akaingia langoni ameitia mfukoni, akafika kibanda cha tatu ameiweka nyuma kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Nzembi alikuwa anapepeta iliki. Alimwona, ungo ukasimama.

"Mpishi! Wiki tatu. Nilidhani wewe ndiye uliyetutoka." Macho yake yalitazama mikono. "Chupa iko wapi?"

"Sina."

"Unataka nini leo?"

"Sitaki kitu."

Mama wa kibanda cha jirani, Katunge, muuza kunde, aliacha kuhesabu vikombe vyake akageuza kiti.

"Nimekuja kuuliza," Mutinda alisema, na hasira ikamsaidia kidogo ulimi. "Mama Kibe ulimfundisha dakika tano. Kila mteja unamfundisha siku ya kwanza. Mimi miezi saba. Nimekukosea nini? Ulitaka pesa yangu tu?"

Nzembi aliweka ungo chini. Kicheko kilimpotea usoni. Aliyejibu ni Katunge.

"Aiya! Pesa gani?" alipayuka kutoka kwa kunde zake. "Wewe mwanamume, uliwahi kuuliza nyongeza yako inatoka wapi? Mimi mteja wangu napatia punje tatu, namwambia asante. Wewe unafungiwa karatasi nzima!"

"Mama Katunge, tafadhali," Nzembi alisema.

"Sinyamazi. Kila ukiondoka, huyu anachukua hayo madonge yako anaanika kwa bati, anageuza kama mahindi, anatwanga tena, anachekecha. Ndio nyongeza yako hiyo! Umekuwa ukirudishiwa bizari yako tangu Novemba. Pesa gani?"

Mutinda alitazama chini ya meza. Debe dogo lilikuwa pale pale. Akakumbuka kila donge lililoanguka humo, pa, pa, na kila kikaratasi kilichofungwa bila kuombwa.

"Kwa nini hukuniambia basi?" aliuliza, safari hii polepole.

Nzembi aliinua uso. "Ningekuambia siku ya kwanza, ungerudi kufanya nini ya pili?"

Soko lilikuwa na kelele zake, mwenye vitunguu akiita, redio ikilia mahali, lakini Mutinda hakusikia hata moja. Alihisi kizunguzungu kizuri, kile cha kushuka bembea. Akataka kusema. Akafungua mdomo. Na ulimi, wacha nikwambie, ulimi ukakataa.

"Leo asubuhi," alisema, "nilikuwa nashika chupa… juu ya muthokoi… ili igande. Kwa makusudi."

"Umefanya nini?"

"Nimeshikwa na Mama Kibe."

Nzembi aliangukia gunia la pilipili akicheka, akapiga chafya, akacheka tena, akafuta macho kwa leso. Katunge alikuwa anapiga mapaja. Mutinda naye akacheka, wakacheka wote watatu kama watu waliokula kitu kibaya, na walipopoa kidogo Nzembi alisimama, akazunguka meza, akaja mbele yake.

"Sasa sema kile ulikuja kusema."

"Nataka…" Mutinda alisema. "Mimi nataka…"

Ikasimama hapo hapo. Aliomba kwa macho, lakini neno lilikuwa limeshikana kooni na halitoki.

"Mwaitu," Nzembi alisema, akimwita mamake wa Masii kwa Kikamba kama afanyavyo mtu aliyezidiwa. "Huyu ameganda."

Akapita nyuma yake, akainua kiganja, akampiga makofi mawili mgongoni, pa, pa!

"NATAKA KUKUOA!"

Ilitoka kwa sauti ya jikoni, ile ya kufokea moto. Mwenye vitunguu akanyamaza. Katunge alipiga kigelegele, na kibanda baada ya kibanda kikapokea mpaka lango la chini, ambako watu hawakujua kumetokea nini lakini hawakutaka kupitwa.

Nzembi alisubiri kelele zipungue. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Baba yuko Masii," alisema. "Njia unaijua. Na mbuzi wa ntheo ni watatu."

Wakamba hawana mchezo na ntheo. Bila wale mbuzi watatu hata mkae miaka hamsini na mzae kijiji, mke bado ni wa kwao. Kwa hiyo mwezi wa nane Mutinda alivaa koti, Musembi akavaa koti, Mama Kibe akafunga hoteli kwa mara ya kwanza tangu aifungue, wakaenda Masii. Mzee Maundu, babake Nzembi, alitoka uani na fimbo yake kuwakagua mbuzi kama inavyotakiwa. Aliangalia meno, akaangalia kwato, akahesabu. Akahesabu tena.

"Nyinyi watu," alisema, "hapa naona mbuzi wanne. Ntheo ni watatu. Huyu wa nne ni wa nini?"

Wazee wote walimgeukia Mutinda. Musembi alishainua kiganja nyuma ya mgongo wake, tayari kumsaidia. Haikuhitajika. Mlangoni mwa jikoni Nzembi alikuwa amesimama na nzele ya uji mkononi akimtazama, na maneno yalimtoka Mutinda bila kukwama hata kidogo.

"Huyo ni nyongeza, mzee."